Mtoto haiko wako paka surua ipite

Wahitimu wenzangu, na nyinyi wadogo zetu ambao bado mnagombania viti vya mbele darasani, leo nataka tuzungumze juu ya mji wetu na kaburi dogo. Msikimbie, si habari ya kilio tu.

Bibi yangu alizaa mara tisa. Ukimuuliza ana watoto wangapi, anajibu: watano. Nilipokuwa mdogo nilidhani anakosea hesabu. Siku moja nikamuuliza wazi, akaniangalia akasema: "Mume wangu, zamani mutoto haiko wako paka surua ipite." Halafu akaendelea kutwanga sombe yake kama vile hajasema kitu.

Wale wanne walikwenda kati ya miaka ya 1950 na 1970, hapa hapa Kasongo. Wawili walichukuliwa na surua, mmoja na homa, na wa nne hakuna aliyejua jina la ugonjwa wake. Bibi mwenyewe sasa anakaribia miaka tisini na bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa afya ya jamii, nilifungua makala ya zamani katika *The Lancet*, jarida la matibabu la Uingereza ambalo walimu wetu wanalitaja kwa heshima kama msahafu. Toleo la Aprili 1981. Katika kichwa cha makala kulikuwa na maneno matatu niliyoyaelewa haraka: surua, watoto, Kasongo. Kusema kweli nilishtuka. Kumbe swali la bibi yangu lilikuwa limepigiwa hesabu, likachorwa kwa mistari, likabishaniwa na maprofesa wa dunia nzima, na sisi wenyewe hatukuambiwa.

Kabla sijafika huko, tuondoe kosa moja ambalo hata sisi wasomi tunalifanya. Tukisikia kwamba mwaka 1960 umri wa kuishi wa Mkongo ulikuwa karibu miaka 40, tunafikiri watu wa wakati ule walizeeka wakifika 40. Hapana. Chukua watoto 10. Watatu wafe wakiwa na mwaka 1, saba waliobaki wote wafike 65. Jumlisha, gawanya kwa 10: unapata karibu miaka 46. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na miaka 46! Wazee walikuwapo, kama bibi. Namba ilikuwa ndogo kwa sababu ya makaburi mafupi. Leo kwa nchi nzima namba hiyo inazunguka miaka 60, na sehemu kubwa ya hiyo nyongeza imetoka kwa watoto waliovuka miaka mitano ya kwanza. Kwa hiyo ukiuliza nini kinaamua watu wa mahali fulani wataishi miaka mingapi, kwanza uliza nini kinatokea kwa mtoto wa pale kati ya mwezi wa saba na mwaka wa tatu.

Na Kasongo ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu magonjwa yetu yana historia yenye njia na tarehe. Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi katika mwaka 1870 na mwanzo wa 1871, miguu imejaa vidonda. Kipindi hichohicho kipindupindu kilichokuwa kimeua watu wengi sana Zanzibar kilikuwa kinapanda bara kwa njia ya misafara. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar, alikifuatilia na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima kuonyesha kwamba ugonjwa ulitembea na wafanyabiashara, kituo kwa kituo. Njia iliyoleta shanga na nguo ndiyo iliyoleta kuhara, na ndiyo iliyopeleka watu na meno ya tembo pwani.

Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuja na jeshi la Dhanis lililouteka mji wetu Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya utajiri wa Kasongo na mashamba yake. Kuna ndugu zetu wanaopenda kusoma kurasa hizo na kusema: angalieni, tulikuwa tunakula vizuri. Mimi nauliza nani alikuwa anakula. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na afya ya mji haipimwi kwa meza ya tajiri. Halafu vita vya 1892 hadi 1894 vikafagia vyote, meza ya tajiri pamoja na kikapu cha mtumwa.

Wabelgiji nao, kuanzia 1917, wakalazimisha kilimo cha pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuonja. Kila siku iliyoingia kwenye pamba ilitoka kwenye muhogo na mpunga. Upande wa matibabu, timu za malale zilipita vijijini, watu wanapangwa mstari, wanashikwa shingo kutafuta tezi, wanaandikwa. Zilisaidia, siwezi kukataa, malale ilirudi nyuma. Lakini timu ilikuja na ugonjwa wake mmoja, ikaondoka nao. Mama mwenye mtoto anayeharisha alibaki kwenye mstari bila wa kumsikiliza. Kumbukeni picha hiyo, itarudi.

Sasa tufike 1971. Vita vya Simba vya 1964 vilikuwa vimepita Kasongo na Kabambare, na majeraha yalikuwa bado mabichi. Taasisi ya Matibabu ya Nchi za Joto ya Anvers, Ubelgiji, pamoja na Wakongo wenyewe, ikaanza kazi iliyokuja kujulikana kama Mradi wa Kasongo. Wazo lilikuwa rahisi kulisema, gumu kulifanya: badala ya hospitali moja kubwa mjini na kitu bure vijijini, kuwe na vituo vidogo vya afya vinavyofahamu watu wake, na hospitali ibaki kwa yale yanayoshinda kituo. Muuguzi yule yule anatibu malaria, anapima wajawazito, anapima watoto kilo, anachanja. Watu wakae kwenye kamati na kusema wanataka nini. Majina ya Pierre Mercenier, Harrie Van Balen na Wim Van Lerberghe yanatajwa sana. Mimi napenda kumtaja Dr Pangu Kasa Asila, Mkongo, ambaye mwaka 1988 alitetea Brussels tasnifu ya udaktari juu ya jinsi vituo vya Kasongo vilivyopangwa na kujengwa. Mwaka 1984 timu ilitoa makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani kuonyesha kwamba huduma ya afya ya msingi inawezekana kwa pungufu ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Dola moja! Leo huko kwetu dola moja hainunui hata uniti za kumaliza wiki.

Mpango wa kugawa Zaire yote katika zoni za afya, 306 wakati ule, ulitokana na uzoefu wa mahali kama Kasongo, Bwamanda na Kisantu. Kwa hiyo kila mara unapojaza fomu ya ofisi na kuandika "zoni ya afya", mji wetu umo ndani ya hayo maneno.

Turudi kwenye surua. Katika miaka ya 1970 timu ilichanja watoto, halafu ikafanya jambo ambalo wachanjaji wengi hawakuwa na subira nalo: ikaendelea kuwafuata. Ikalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, kuanzia mwezi wa 7 hadi wa 35, kuona wangapi bado wako hai. Katika umri ambao surua inaua zaidi, waliochanjwa waliponea kwa wazi. Lakini miezi ikisonga, pengo kati ya makundi mawili lilianza kupungua. Hapo timu ikajiuliza swali zito: je, tumewaokoa hawa watoto, au tumewakinga na surua ili wafe kwa kuhara na kichomi miezi michache baadaye?

Swali lile halikuzaliwa hewani. Mwaka 1978 nchi zilikutana Alma-Ata, zikakubaliana juu ya huduma ya afya ya msingi: maji, chakula, elimu, vituo, ushiriki wa watu, vyote pamoja. Mwaka uliofuata tu Wamarekani wawili, Walsh na Warren, wakasema: hayo yote ni mazuri lakini ni ghali, tuchague magonjwa machache yenye dawa rahisi. Mwaka 1982 UNICEF chini ya James Grant ikaingia barabara hiyo: kupima ukuaji, maji ya chumvi na sukari kwa kuhara, kunyonyesha, chanjo. Watu wa Anvers walipinga vikali. Waliona malale inarudi: timu inakuja na ugonjwa wake mmoja, inaondoka nao. Grafu ya Kasongo ikawa silaha yao, kwamba ukiziba tundu moja kwenye paa bovu, mvua itaingia kwa tundu la pili.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliwashangilia. Mimi ni mtu wa vituo vya afya, nimekulia humo. Mara ya pili nikaanza kuwashwa. Kwa sababu ndani ya maelezo yale kuna mtoto mmoja ambaye hakupewa jina: mtoto dhaifu. Yule ambaye angekufa tu. Surua ikimkosa, kitu kingine kitamchukua. Ukilisema hilo Anvers ni dhana ya kitaalamu. Ukilisema Kasongo, unasema juu ya wale wawili wa bibi yangu. Na ukilipeleka kwa mwenye pesa, anaweza kukujibu: kama watakufa tu, kwa nini nitoe hela? Timu haikusema hivyo, nawatendea haki, walitaka zaidi ya chanjo na siyo pungufu yake. Ila neno likishatoka mdomoni halina mwenyewe.

Jibu lilitoka mbali, Guinea-Bissau. Peter Aaby, Mdenmaki aliyeanza kazi Bissau mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuta surua inaua vibaya sana, akatazama watoto waliokufa kama kweli ndio waliokuwa wamekonda. Alichokiona zaidi ni msongamano. Mtoto wa kwanza anaipata nje, analeta nyumbani. Yule wa pili anayelala naye kitanda kimoja anaipokea nyingi kwa mara moja, na ndiye anayekufa zaidi. Ajabu ni kwamba Kasongo yenyewe ilikuwa na ushahidi wa upande huo. Mwaka 1983 timu ilitoa matokeo ya kupima watoto uzito na urefu, na vipimo vile havikuweza kutabiri vizuri nani atakufa. Soma tena sentensi hiyo. Mtoto dhaifu, yule wa kwenye nadharia, alipotafutwa kwa mizani hakuonekana vizuri.

Mwaka 1995 Aaby na wenzake walikusanya tafiti kutoka Bangladesh, Benin, Burundi, Guinea-Bissau, Haiti, Senegal na Zaire, data za kwetu zikiwemo, wakaonyesha kwamba waliochanjwa surua walipungukiwa na vifo kwa asilimia 30 hadi 86. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko vifo vya surua peke yake. Yaani mtoto aliyechanjwa hakungoja kufa kwa kitu kingine, alinusurika hata na hicho kingine. Mabishano juu ya sababu bado yapo. Lakini tafiti zilizotoka 2019 zilieleza njia moja: surua inafuta kumbukumbu ya kinga ya mwili, mtoto aliyepona anakuwa kama mgeni mbele ya magonjwa aliyokwisha kuyashinda. Bibi alikuwa anajua hilo bila maabara. Anasema kuna watoto "walipona surua, lakini hawakurudi".

Basi nani alishinda? Mimi naona Aaby alikuwa sahihi juu ya mtoto, na Kasongo ilikuwa sahihi juu ya kituo. Chanjo inaokoa hata katika umaskini, hatuna haja ya kungoja tuwe matajiri kama Ubelgiji kwanza. Lakini chanjo haitembei yenyewe. Inatembea mgongoni mwa vitu vingine, na hivyo vingine vikianguka, nayo inalala chini. Tulipewa somo hilo kwa nguvu kuanzia 1996.

Vita vilipokuja, treni ya Kindu ilinyamaza kwa miaka. Mama anakumbuka chumvi zaidi ya risasi. Anasema watu walitembea siku nyingi kuitafuta. Wauguzi walikimbilia msituni na wagonjwa wao. Mwaka 2000 shirika la IRC lilifanya uchunguzi mashariki mwa nchi, likakadiria kwamba katika miezi 22 watu milioni 1.7 walikufa zaidi ya ilivyotarajiwa, na kati yao 200,000 ndio waliouawa kwa silaha. Wengine wote ni malaria, kuhara, kichomi, surua, utapiamlo. Baadaye hesabu ilifika milioni 5.4 hadi 2007. Wapo wataalamu walioipinga namba hiyo, na ubishi wao unagusa jambo moja: ili ujue vita vimeongeza vifo vingapi, lazima ujue kabla ya vita walikuwa wanakufa wangapi. Hilo linajulikana pale tu ambapo mtu aliandika. Daftari za vituo kama vya Kasongo, zile zilizogeuka za kufungia karanga sokoni, ndizo zingetujibu.

Na hata ubishi ukubali upande gani, uwiano unabaki. Bunduki iliua wachache, barabara iliyofungwa iliua wengi. Mwaka 2019, wakati dunia nzima inaangalia Ebola, ambayo hadi ilipokwisha huko kaskazini-mashariki iliua watu karibu 2,300, surua ilishika zaidi ya watu 310,000 nchini mwetu na kuua zaidi ya 6,000, wengi watoto chini ya miaka mitano. Chanjo yake ipo tangu 1963!

Nimalizie na niliyoyaona mwenyewe. Nilifanya mafunzo ya miezi mitatu katika kituo kimoja upande wa Kabambare, ng'ambo ya Luama, sitakitaja. Frigo ya chanjo ilitumia mafuta ya taa, na mafuta yalikuja kwa pikipiki wakati barabara inaruhusu. Asubuhi moja ya siku ya kilo alifika mama na mtoto wa miezi tisa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Walikuwa wamekuja watoto watatu tu wa kuchanjwa surua siku hiyo.

Mnaosoma afya mnajua kinachofuata, wengine nawaeleza. Kichupa cha chanjo ya surua kina dozi 10. Ukishakifungua na kuchanganya, baada ya masaa sita unakitupa. Ukifungua kwa watoto watatu, umetupa dozi saba, na taarifa ya mwezi itauliza zilikwenda wapi. Kwa hiyo muuguzi, mtu mzuri, mchapakazi, ambaye mshahara wake ulikuwa haujafika miezi kadhaa, alihesabu watoto kwa macho, akasema: "Mama, rudi juma lijalo, tutakuwa wengi."

Mama hakubisha. Alisema "aya, munganga", akamfunga mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu, mwanafunzi, sina sauti. Kichwani nilikuwa na grafu ya *The Lancet*, na Alma-Ata, na dola moja kwa mwaka. Nilimfuata hadi kwenye mwembe nikamuuliza kama atarudi. Akaniambia juma lijalo ni kuvuna mpunga.

Jioni nilimuuliza muuguzi kwa nini hatukufungua. Alinionyesha barua ya lawama ya mwezi uliopita juu ya dozi zilizopotea. Tukakaa kimya. Kesho yake, bila kuniambia, alipakia sanduku la baridi kwenye pikipiki, akakopa lita mbili za petroli kwa muuza duka, akaenda kijiji cha yule mama. Alirudi usiku, amelowa mpaka kiunoni, kwa sababu daraja la miti lilikuwa limeondoka. Alikuwa amechanja watoto kumi na mmoja, dozi kumi za kichupa cha kwanza, na ya kumi na moja alifungua kichupa kipya. Ile taarifa ya mwezi niliiandika mimi. Kwenye safu ya dozi zilizopotea niliandika 9, na pembeni, mahali pa maelezo, nikaandika jina la mtoto.

Bibi nilimsimulia habari hii mwaka jana. Aliuliza kitu kimoja tu: yule wa kumi na moja, mama yake alikuwa ameshamuita jina?